Maharagwe Niliyoyang'oa Yakiwa na Maua

Mimi nina mdomo. Nalisema mwenyewe mapema, usije ukalisikia kwa wengine. Tangu utotoni nikisikia neno baya juu ya mtu wangu, ulimi unatangulia, akili inakuja nyuma ikihema. Na mtu wangu alikuwa mmoja tu, mama mdogo, aliyemfuata mama yangu kuzaliwa. Mama alikufa nikiwa bado nafungiwa kaptura na wengine. Baba alikwenda vitani, hakurudi, wala barua yake haikurudi. Mama mdogo akaja upande wa Nyamira kunichukua. Nilikuwa mkubwa wa kutembea, lakini alinibeba mgongoni njia nzima mpaka kwa mume wake, juu ya barabara ya Keroka.

Halafu mume naye akafa. Hakuacha mtoto wa kiume, na mabinti wawili waliolewa mbali. Tukabaki wawili nyumbani, mjane na mimi mtoto wa kuja. Kwetu mtoto wa kuja analishwa, hata anapendwa, lakini akiulizwa shamba lake liko wapi hana pa kunyoosha kidole.

Shamba la mama mdogo lilikuwa moja, linateremka kutoka mgongo wa kilima mpaka karibu na kijito. Udongo mwekundu, mzuri kuutazama. Lakini ulilimwa mahindi, ukalimwa wimbi, ukarudiwa mahindi, miaka yote, kwa sababu ukipumzishwa sisi tungekula nini. Ukachoka. Mahindi yalifika kiunoni yakasimama hapo hapo. Majani ya chini yalianza umanjano kwenye ncha, ukaingia katikati ya jani kama mtu amepitisha kidole chenye rangi. Mimi nilidhani ni jua.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amepata miche ya kahawa. Alikuja asubuhi moja akasimama mpakani, hakuingia hata kunywa uji.

"Mke wa ndugu yangu, shamba hili limekufa," alisema. "Nipe nitie kahawa. Wewe nitakukatia kabustani hapo nyuma ya nyumba, mboga hutakosa."

"Na mahindi?" mama mdogo aliuliza.

"Mahindi nitakuletea mimi."

Nilikuwa nimekaa mlangoni nanoa panga. Nikamwambia, "Utaleta kwa mkono gani? Ule ambao haukuleta hata chumvi siku za matanga?"

Mama mdogo akanitazama mara moja tu. Shemeji alitabasamu kama mtu aliyepata alichokuja kutafuta. Akaenda moja kwa moja kwa wazee wa ukoo, akawaambia shamba limekufa, tena mjane anafuga mtoto wa watu ambaye anawatukana wenye boma.

Wazee walikuja. Walitembea juu mpaka chini, wakafikicha udongo kwa vidole, wakasema watangoja. Mvua ndogo, mjane apande anachotaka. Mvua kubwa, apande mahindi. Mahindi yakishika, watarudi na wataamua kwa macho. Shamba likionekana linaishi, litabaki lake mpaka afe. Likionekana limekufa, shemeji alichukue.

Kwa hiyo tulikuwa na misimu miwili. Mama mdogo akapanda maharagwe.

"Kwa nini usipande wimbi?" nilimuuliza. "Wimbi linajaza ghala."

"Mama yetu alikuwa akiona shamba limechoka, analipandia maharagwe."

"Kwa nini?"

"Sikumuuliza. Nilikuwa namsaidia kupanda."

Maharagwe yaliota vizuri, nayo magugu yakaota vizuri zaidi. Kwetu palizi haifanywi na mtu mmoja. Wanawake wa jirani wanaungana, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kundi hilo tunaliita egesangio. Zamu ikifika kwako unapika uji wa kutosha wote. Mkubwa wa kundi letu alikuwa mama mmoja jirani, nyumba yake iko chini ya njia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Mimi nilikuwa nambebea mama mdogo jembe mpaka kwenye mashamba ya wenzake, na siku moja nikamsikia yule jirani akisema, wote wameinama:

"Kwa huyu tutampalilia nani? Sisi tunasafishia kahawa ya shemeji njia."

Wakacheka. Mama mdogo naye akacheka, au alitoa sauti iliyofanana na kucheka. Mimi nikamwambia jirani mbele ya wote kwamba mdomo wake ni mpana kuliko jembe lake, na kwamba mume wake hakwenda Kericho kutafuta mshahara, alikwenda kutafuta usingizi.

Hata leo nikikumbuka nachekelea kidogo, halafu naacha. Maana zamu ya mama mdogo ilipofika hakuja mtu.

Alikuwa ameamka mapema, akapika uji wa wimbi kwenye chungu kikubwa, akapanga vibuyu kwenye ukingo wa nyumba. Tulikaa. Umande ukakauka. Tukaanza kusikia majembe na vicheko kutoka shamba lingine, upande wa pili wa kijito, na sauti ya yule mama ikiwa juu ya zote. Mama mdogo alifunika chungu kwa jani la mgomba.

"Chukua jembe," aliniambia.

Hakunilaumu siku hiyo wala siku zilizofuata. Angenigombeza ningejibu, tungemaliza. Badala yake tulipalilia, migongo miwili kwenye shamba zima, yeye mwanzo huu, mimi mwanzo ule, na kazi ambayo wenzake wangeimaliza kabla ya jua kuwa kali ilitumeza wiki nzima na zaidi. Uji ule tuliunywa mpaka ukachacha.

Shule nilikwenda miezi michache tu, mpaka siku mwalimu aliponichapa kwa kosa la mwingine, nikamwambia alichostahili kuambiwa. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwanza kwenye vitabu vya masomo ya Sabato vya mama mdogo, ambavyo yeye alivishika tu kanisani, halafu kwenye karatasi za kufungia sukari dukani Keroka. Karatasi yoyote ya sukari niliisoma, iwe hotuba, tangazo la dawa ya mbuzi, chochote. Nilizikunja nikazichomeka kwenye nyasi za paa. Moja ilikuwa ya ukulima, kwa Kiswahili, imechanika juu, ina picha ya mzizi wenye vifundo vifundo kama kamba iliyofungwa ovyo. Ilisema ukiona vifundo hivyo kwenye mizizi ni ugonjwa, ng'oa mimea yote uichome, usiache hata mmoja.

Niliisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili. Hakukuwa na mtu wa kumsomea. Rafiki zangu wote walikuwa Kericho kwenye chai.

Maharagwe yalipoanza kutoa maua, binti mkubwa wa mama mdogo akajifungua, huko upande wa Nyamira. Mama mdogo akafunga nguo zake kwenda kumwogeshea mtoto.

"Nakaa siku nne," aliniambia. "Wewe yaangalie tu."

"Niyaangalie vipi?"

"Kwa macho. Usiende kutafuta vita na mtu."

Siku ya kwanza sikuzungumza na yeyote isipokuwa mbuzi, na mbuzi alichoka. Siku ya pili nilishuka shambani kung'oa magugu yaliyobaki upande wa kijito. Nikavuta gugu, likaja na mche wa maharagwe umeshikana nalo. Nikautazama mzizi. Ulikuwa umejaa vinundu, vidogo kama mbegu za mtama, vingine kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nikang'oa wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, zaidi.

Nilikimbia nyumbani, nikaitoa karatasi kwenye paa, nikaiweka kando ya mzizi. Vifundo na vifundo. Nikaona sasa kwa nini shamba lilichoka: ugonjwa ulikuwa chini siku zote, sisi tunatazama majani. Na nikajiona mimi, mtoto wa kuja, nitakayeliokoa. Mama mdogo atarudi akute ugonjwa umekwisha, mahindi yaje mazuri, shemeji afunge mdomo.

Nikaanza kung'oa, kutoka chini kupanda juu. Maua meupe yalikuwa yakinigusa mikono. Mengine yalishatoa maganda membamba kama kucha ya mtoto. Nilirundika, nikachanganya na nyasi kavu na mabua ya zamani kwa sababu maharagwe mabichi hayashiki moto, nikawasha. Moshi ulikuwa mweupe na mzito, ukalala juu ya kijito.

Jirani akatokea njiani na mzigo wa kuni kichwani. Alisimama muda mrefu.

"Unafanya nini hapo?"

"Kazi."

"Mama yako yuko wapi?"

"Nyamira, mpaka kesho kutwa."

Akatua kuni. Alikuja mpaka ukingoni, akaokota mche mmoja, akautazama mzizi, kisha akanitazama mimi. "Unayang'oa kwa ajili ya hivi?" aliuliza, na nadhani sasa kwamba alisema taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. "Maharagwe yote yana hivi. Yangu yanavyo. Ya mama yangu yalikuwa navyo. Yasipokuwa navyo ndipo mtu anashangaa."

"Wewe umesoma wapi?" nilimwambia. "Nenda kapalilie kwa marafiki zako."

Aliangalia moshi, akaangalia upande wa juu ambao haujaguswa. "Basi ngoja mama yako arudi. Siku mbili tu. Ugonjwa wa siku mbili utakufanya nini?"

"Shamba si lako."

"Wala si lako," alisema. Akaupachika ule mche kwenye udongo kama mtu anayeurudisha kitandani, akainua kuni zake peke yake, bila kuniomba nimtwike, akaenda.

Hilo neno la mwisho ndilo lililonitia wazimu. Ningeweza kusimama hapo. Badala yake niling'oa mpaka jioni, na kesho yake asubuhi nikaendelea, mpaka nikafika katikati ya shamba. Hapo ndipo niliposikia kengele ya baiskeli.

Alikuwa bwana shamba, yule wa kufundisha wakulima matuta na mbolea. Alikuwa Mjaluo kutoka ziwani, mrefu, ana chumba cha kupanga Masimba, na kwa kuwa hakujua Kikisii alizungumza na sisi Kiswahili. Watu walimkwepa kwa sababu ya matuta aliyotaka wachimbe. Aliuona moshi kutoka barabarani, akasukuma baiskeli mpaka juu.

"Rafiki, wewe nachoma nini hapa?"

"Ugonjwa," nikasema, nikampa karatasi.

Aliisoma polepole, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Hii karatasi ni ya nyanya."

"Imeandikwa wapi?"

"Hapa juu palipochanika palikuwa nyanya. Naijua, nimegawa mwenyewe mpaka duka wakaifanya ya sukari."

"Mzizi ni mzizi," nikamwambia. "Na ninyi mnakula samaki, mnajua nini habari ya maharagwe?"

Hakukasirika. Alilaza baiskeli, akachuchumaa. "Samaki iko na miiba. Inafundisha mtu kutafuna polepole. Wewe nameza tu. Leta huo mche."

Nikampa. Alishika kinundu kimoja kwa kidole gumba, akakisugua kidogo kikatoka, kikabaki mkononi. Mzizi haukuumia. "Ugonjwa wa nyanya, mzizi wenyewe navimba. Ukitaka kutoa uvimbe, lazima ukate mzizi. Hii imekaa ubavuni tu, kama mpangaji. Sasa ona." Akakipasua kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kidogo, rangi ya ufizi wa mtoto.

"Damu?" nikauliza.

"Si damu. Lakini ukiona rangi hii, jua wako kazini."

"Nani?"

Akakaa kabisa chini, kwenye udongo, na suruali yake ya kaki. Aliniambia ndani ya kile kinundu mna viumbe wadogo hata jicho haliwaoni, maelfu kwa maelfu. Wamo kwenye udongo siku zote, wanangoja mzizi wa maharagwe au kunde upite. Ukipita wanaingia, mmea unawajengea chumba. Mmea unawapa utamu unaotengenezwa na majani kwa jua. Wao wanavuta hewa iliyomo katikati ya udongo, hii hii tunayovuta mimi na wewe, wanatoa ndani yake kitu kinachoitwa naitrojeni, wanakipika mpaka mmea uweze kukila.

"Hewani kimejaa," alisema, akaonyesha juu kwa mkono mzima. "Kila mahali. Lakini mahindi hayawezi kukila cha hewani. Yamesimama katikati ya chakula, yanakufa njaa. Ule umanjano wa mahindi yenu ndiyo njaa hiyo."

"Na maharagwe yakivunwa?"

"Mizizi ikibaki chini inaoza. Kuna vijidudu wengine huko, hawa wanaozesha, wale wanageuza, mpaka inakuwa kitu cha kunyweka na maji. Mahindi yakija yanakunywa." Akatazama rundo langu linalofuka. "Ile uliyochoma imepanda na moshi. Imerudi hewani ilikotoka."

Nikalitupia rundo udongo kwa mikono mpaka moshi ukapungua.

"Majivu yamebaki," aliendelea, nadhani kwa kunihurumia. "Majivu si mabaya. Udongo wenu huu mwekundu una ukali, kama maziwa yaliyolala. Hawa wadogo hawapendi ukali mwingi. Mwaga majivu, ukali unapungua. Lakini majivu hayarudishi naitrojeni. Hiyo imekwenda."

"Nikipanda tena leo?"

Aliangalia mbingu. "Mvua inakwisha. Itaota, itanyauka. Acha ya juu, usiguse hata moja. Na mkivuna msing'oe. Kateni kwa kisu, mizizi ikae."

Nilimpa ndizi mbivu, tukala tumekaa kwenye uwanja niliouacha mtupu. Akaniambia mke wake yuko ziwani, ana miezi mitano hajamwona, na kwamba Masimba jioni hana mtu wa kuzungumza naye isipokuwa mwenye duka, na mwenye duka anataka kuzungumza habari ya bei tu. "Leo nimesema sana," alisema akiinuka. Nikaona kwamba hata yeye aliongea kwa sababu alipata mtu wa kumsikiliza. Alipoondoka nilitamani nimfuate mpaka barabarani, nikaona haya.

Mama mdogo alirudi siku aliyosema. Nilimngoja njiani ili asikie kwangu kwanza. Nikamweleza yote, karatasi, jirani, bwana shamba, vijidudu, bila kuvuta pumzi. Alipita akaenda mpaka shambani. Alisimama pale katikati, juu yake kijani, chini yake udongo mtupu na doa jeusi la moto.

"Yalikuwa yameshika maganda?" aliuliza.

"Machache."

"Na yule jirani alikuambia ungoje."

"Aliniambia."

"Siku mbili."

"Ndiyo."

Akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakifunga upya. "Ningekuambia mimi mwenyewe," alisema. "Tangu nizaliwe naviona vile vinundu. Sikujua ni kitu cha kumwambia mtu."

Kesho yake nilikwenda kwa jirani. Alikuwa anapepeta wimbi uani.

"Umekuja kutukana au kuomba moto?"

"Nimekuja kusema ulikuwa sawa. Na habari ya mume wako, niliropoka."

"Habari ya mume wangu ulisema kweli," alisema bila kuinua macho. "Ndiyo maana sikuja kuwapalilia. Ungesema uongo ningekuja nicheke." Aliendelea kupepeta. Sikuambiwa niketi, na sikuambiwa niondoke. Nikasimama mpaka ungo ukaisha, kisha nikaaga.

Maharagwe ya juu yalipokauka, mama mdogo aliinama kuyang'oa kama ilivyo desturi. Sisi tunang'oa na mizizi, tunabeba mche mzima nyumbani, tunapiga uani, halafu mabua na mizizi tunayachoma tupate majivu ya kuchuja magadi ya kupikia mboga. Ni hivyo tangu zamani. Hata nisingekuwa mjinga, shamba lile lilikuwa linapoteza mizizi yake kila mwaka, inaingia kwenye chungu cha mboga.

"Tukate," nikamwambia. "Mizizi ibaki."

"Nikate maharagwe kama nyasi ya mbuzi?"

"Nakuomba."

Akanitazama, mimi ambaye siombi. Akashika kisu. Tulikata mche mmoja mmoja tumepiga magoti, na mabua baada ya kupigwa tuliyarudisha shambani tukayafukia. Msimu huo mboga zilichelewa kuiva na zilikuwa ngumu mdomoni, naye hakulalamika. Majivu ya kuni za jikoni yote nilipeleka chini, nikayamwaga kila asubuhi, kama yangesikia.

Mvua kubwa zikaja. Tukapanda mahindi shamba zima, mbegu moja, siku moja. Mwanzoni yote yalikuwa sawa, nikaanza kuwa na tumaini. Yalipofika magotini nikaanza kuona kitu, nikajidanganya ni kivuli cha kilima. Yalipofika kiunoni hapakuwa na kujidanganya tena. Katikati ya shamba ulipita mstari. Juu yake mahindi yalikuwa ya kijani kizito, majani mapana, yanaendelea kupanda. Chini yake yalisimama, membamba, na ule umanjano ukaingia tena katikati ya majani. Mstari ulikuwa umenyooka sehemu nyingine, sehemu nyingine umejipinda, pale niliponyoosha mkono kung'oa mmoja zaidi.

Watu waliokwenda Keroka sokoni walisimama njiani kutazama. Nilikuwa nawasikia nikiwa ndani ya mahindi. "Hapa ndipo alipofika." "Na hapa alichoka." Hakuna aliyeniita. Nilikuwa nalima ndani ya kosa langu, mistari kwa mistari, na kila aliyepita alilisoma bila kujua kusoma.

Wazee walirudi mahindi yakiwa na masuke. Shemeji alikuwa nao, amevaa koti. Aliwapeleka kwanza chini.

"Mnaona wenyewe," alisema. "Mimi sina neno."

Mimi nikawa nalo. Nilisimama mbele yao, nikawaeleza vile bwana shamba alivyonieleza, vijidudu, vyumba, hewa, moshi. Nikawaambia shamba lile halikufa, mimi ndiye niliyelinyima, wanipe mimi adhabu, wasimpe mjane. Nilisema kwa muda mrefu na sikumtukana mtu hata mmoja.

Mzee mmoja, mkubwa wao, alinisikiliza mpaka mwisho. "Hao viumbe, wewe umewaona?"

"Hapana, ni wadogo mno."

"Aliyekuambia amewaona?"

"Nadhani na yeye aliambiwa."

Wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Jirani alikuwa amesimama njiani na wanawake wengine. Akasema kwa sauti yake ile, "Maharagwe aling'oa, tuliona sote. Shamba halina kosa."

"Hatujakataa," mzee akajibu. "Lakini tulisema tutaamua kwa macho. Juu shamba linaishi. Chini limekufa, au limeuawa. Sisi hatukutumwa kumtafuta aliyeua."

Wakaamua hivyo. Upande wa juu ubaki wa mama mdogo mpaka mwisho wa maisha yake, shemeji asiuguse. Upande wa chini uende kwa shemeji. Na kwa kuwa mpaka ulikuwa umejichora wenyewe, hawakuhangaika kupima. Walifuata mstari wa mahindi, kijani huku, manjano huku, wakachimba vishimo, wakapanda miti ya mpaka, pamoja na ile mipindo yote.

Jioni mama mdogo alikuwa anamenya ndizi. Nilikaa kando yake. Nilitaka anigombeze.

"Si haba," alisema. "Alitaka lote, amepata nusu. Mimi peke yangu, ile ya juu inanitosha."

Nilisikia vile alivyosema peke yangu. Sidhani alikusudia. Alimenya ndizi nyingine, halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja kitu kilichokwisha, "Ile ya chini nilikuwa nataka nikuombee kwa wazee. Yakitoka mahindi mazuri, nilitaka niwaambie, huyu ndiye aliyelima, mpeni ajenge karibu na maji."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia, nani usingemwambia?"

Alikuwa sawa. Siku hiyo hiyo ningeitangaza mpaka Ogembo.

Nilivuna naye mahindi ya juu, nikamkatia mabua, nikamchagulia mbegu za maharagwe za msimu unaofuata, kisha nikaenda Kericho kama wengine. Shamba la mtu mmoja halilishi wawili, na mimi nisingeweza kukaa pale juu nikiangalia kahawa chini. Mama mdogo alinisindikiza mpaka penye barabara. Hakunibeba mgongoni, lakini alinibebea mzigo, akakataa kunipa mpaka lori lilipowaka.

Hapa kwenye chai tunakaa wanne chumba kimoja. Wiki ya kwanza niliwaeleza habari ya vinundu, na hewa iliyojaa chakula ambacho mahindi hayawezi kukila. Walicheka, wakaniita daktari wa maharagwe. Nikampiga mmoja. Tangu hapo sijaeleza mtu. Barua namwandikia mama mdogo, anasomewa na watoto wa jirani, kwa hiyo naandika mambo ambayo jirani anaweza kuyasikia: nimepona homa, kata using'oe, salamu. Jumapili wenzangu wanakwenda sokoni. Mimi nakaa kwenye kizingiti natazama chai, ya aina moja kutoka kilima mpaka kilima, na siku nyingine jua linazama sijasema hata neno moja.